Muulize Fundi: Uhuru ya Pili na madirisha ya milimita moja

Miaka yote niliyoandika safu hii mmeniuliza habari za redio zinazokoroma, feni zisizozunguka na televisheni zenye sauti bila picha. Toleo lililopita mhariri alipungukiwa na picha ya kujazia ukurasa, nikampa ya chombo changu cha angani. Tangu siku hiyo hakuna aliyeuliza feni.

Kwa ambao hamkuiona: ni chombo cha kubuni, cha hadithi tu, urefu wake sentimita 62. Kiwiliwili ni kipande cha bomba la PVC la maji taka (jipya, mama watoto alihakikisha). Injini ni chupa nne za dawa ya kikohozi. Yale makorokoro yaliyojaa juu ya ngozi yake, ambayo ukiyatazama kwa mbali unadhani ni mitambo, ni vitufe vya kibodi mbovu, gia za printa, vifuniko vya kalamu na nusu ya rimoti. Ndani mna taa 12 za LED. Nje mna madirisha zaidi ya mia. Nilikuwa nimefika la 113 mteja akaingia dukani, hesabu ikapotea. Jina lake ni Uhuru ya Pili, na katika hadithi yangu kinang'oa nanga hapa Malindi mwaka 2163.

Hizi hapa barua zenu.

Shikamoo fundi. Nimefunga taa tatu za LED nyeupe kwenye betri ya volti 9, moja baada ya nyingine. Kila moja iliwaka kwa ukali, halafu ikafa palepale. Je, muuzaji kaniuzia mbovu? – Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Tanga

Marahaba, mwanangu. Muuzaji hana kosa na taa hazikuwa mbovu. Zimekufa kwa shibe.

Balbu ya tochi ya zamani ina waya mwembamba ndani, na waya huo wenyewe huuzuia umeme usipite ovyo. LED haina breki hiyo. Nyeupe na bluu hutaka volti 3 hivi, nyekundu volti 2 hivi. Ukizidisha kidogo tu mkondo hupanda ghafla, na kile kichembe cha ndani kinaungua. Breki unaiweka wewe, nayo ni rezista.

Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Betri ni 9, toa 3 za taa, zinabaki 6. Taa nyingi za milimita 3 na milimita 5 huvumilia miliampea 20, ila hatuna haja ya kuzipeleka ukingoni. Tuseme 10, yaani ampea 0.01. Sita gawanya kwa 0.01 ni ohmu 600. Dukani hutapata 600, utapata 680, mistari yake bluu, kijivu, kahawia. Chukua hiyo. Ukiikosa, panda juu, usishuke chini. Na kila taa iwe na rezista yake. Ukizifunga nyekundu na nyeupe sambamba kwenye rezista moja, nyekundu itawaka na nyeupe italala, maana nyekundu inaridhika na volti 2 na haiachi mwenzake afikiwe na zake 3.

Mguu mrefu ni chanya. Kama umeshaikata miguu, papasa ukingo wa taa kwa kucha: upande uliochongwa bapa ni hasi.

Mimi kwenye Uhuru ya Pili nimetumia volti 5 za chaja ya simu na rezista za ohmu 1,000 (kahawia, nyeusi, nyekundu). Piga hesabu mwenyewe uone: nyeupe inapata miliampea 2 tu. Kwa nini ninazinyima hivyo? Soma jibu linalofuata.

Fundi, Uhuru ya Pili sawa. Ya kwanza iko wapi? Au ni mambo ya siasa? – Msomaji wa siku nyingi, Voi

Siasa sina, ndugu yangu, nina lehemu. Uhuru ya kwanza ilikuwa setilaiti ya kweli, na iliondokea kwetu.

Ukishika njia ya kaskazini kutoka Malindi unafika Ngomeni. Huko baharini, kwenye Ghuba ya Ungwana, Wataliano walisimamisha jukwaa la chuma lenye miguu, likaitwa San Marco. Kati ya 1967 na 1988 setilaiti tisa zilirushwa kutoka hapo kwa roketi za Kimarekani za aina ya Scout, kila roketi urefu wake zaidi ya mita 20. Walikuja mpaka huku kwa sababu ya ikweta. Mahali hapo pako nyuzi 3 hivi kusini yake, na dunia kwenye ikweta inazunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi ikielekezwa mashariki inaondoka na kasi hiyo mfukoni, bure.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ikarushwa setilaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kutafuta eksirei za angani na si kazi nyingine. Eksirei hizo haziwezi kupenya hewa yetu, kwa hiyo huwezi kuzipima ukiwa chini. Marjorie Townsend, aliyekuwa msimamizi wa mradi huo kule NASA, ndiye aliyeipa jina la Uhuru kwa heshima ya wenyeji. Kazi yake ilipokwisha kuchambuliwa, wataalamu walikuwa na orodha ya vyanzo 339. Ndiyo maana nasema chombo changu ni cha pili.

Marehemu baba alikuwa mvuvi, akivua upande ule. Alitusimulia kwamba usiku jukwaa halionekani, zinaonekana taa zake, nukta nukta juu ya maji, na kwa nukta hizo alijua yuko umbali gani. Zikisongamana, bado yuko mbali. Zikianza kuachana, anakaribia. "Zikiota miguu, geuza ngalawa," alikuwa akisema. Miguu ni ule mwanga wake unaorefuka majini.

Mimi nilikuja kuelewa maneno hayo miaka mingi baadaye, nilipowasha chombo changu cha kwanza (si hiki, kile kimeshakuwa kontena la misumari) nikaona kinafanana na tochi ya mtoto. Madirisha manene, mwanga mkali, rangi ya bluu ya kupiga macho. Usiku jicho halina kipimo kingine cha ukubwa isipokuwa taa. Taa nene na kali ni kitu kidogo kilicho karibu. Taa ndogo, nyingi, hafifu, ni kitu kikubwa kilicho mbali. Basi tangu hapo naanza na taa, chombo kinafuata.

Assalaam alaykum. Mimi ni Mpemba niishiye Maskati. Nimenunua taa ya mapambo yenye nyuzi za plastiki zinazometa kwenye ncha, nikazing'oa nizitumie kama madirisha. Nyingi zinavunjika zinapopinda. Nakosea wapi? – Baba Salma, Maskati

Waalaykum salaam, Baba Salma. Ununuzi wako ni mzuri kuliko unavyodhani. Hizo ni faiba, mwanga ukiingia upande mmoja unagonga kuta za ndani na kurudishwa mpaka utokee upande wa pili. Wewe nadhani unazigandisha kwa supa gluu. Supa gluu inaikausha faiba, inakuwa kama kioo, ukiigusa inakatika. Tumia gundi nyeupe ya mbao. Inachelewa kukauka, vumilia. Na usizikunje kwa pembe. Zipe mzunguko mpana kama unavyozungusha bomba la kumwagilia bustani.

Sasa kipimo. Chombo changu nimekiweka 1 kwa 500, kwa hiyo zile sentimita 62 ni chombo cha mita 310. Mtu wa mita 1.75 kwenye kipimo hicho ana milimita 3.5. Mlango ni milimita 4. Faiba ya milimita 1 inakuwa dirisha la nusu mita, ya nusu milimita ni kitundu cha sentimita 25. Watu hutoboa tundu la milimita 5 kwa sababu ndiyo taa waliyonayo mkononi. Tundu hilo ni dirisha la mita 2 na nusu, hapo umejenga duka la nguo.

Utaratibu wangu ni huu. Natoboa kwa keekee ya mkono, ile ya kuzungusha kwa vidole, maana ya umeme inayeyusha plastiki. Napitisha faiba kutoka ndani, naiacha itokeze nje sentimita mbili kama mvi ya ndevu. Napaka gundi upande wa ndani, nasubiri mpaka kesho yake. Halafu napuliza rangi chombo chote, na ndevu zake zote. Rangi ikikauka nachukua wembe mpya na kukata kila uzi sawasawa na ngozi. Rangi iliyoushika uzi inaondoka na kile kipande, na ncha inabaki safi, inawaka. Ukikata kwanza ndipo upake rangi, utakaa wiki nzima ukikwangua madirisha kwa sindano. Najua ninachosema.

Ncha za ndani zikusanye zote, zifunge kwa uzi, zitie kwenye kipande cha mrija wa kalamu, zikate kwa pamoja, halafu sukumia LED upande wa pili wa mrija. Taa moja inaweza kuhudumia nyuzi thelathini.

Ukitaka taa chache ziwe nene kidogo, mfano za kutulia chombo, washa kijiti cha udi na ukisogeze karibu na ncha ya faiba bila kuigusa. Itavimba kama kichwa cha msumari. Sekunde moja ikizidi, imeungua.

Jambo la mwisho: usiwashe madirisha yote. Yangu theluthi hivi ni giza, na mengine nimeyapaka wino wa manjano kwa ndani. Hata kwenye chombo cha mwaka 2163 kuna watu wamelala, na kuna mtu mmoja asiyezima taa.

Nimechonga chombo kwa foromu nyeupe iliyokuja na friji. Nilipopuliza rangi kikaanza kuliwa, kikabaki kama jibini lenye panya. – Bujumbura

Pole sana. Rangi ya kupuliza ina kiyeyusho kinachoila foromu hiyo, na supa gluu nayo inaila. Ipake kwanza gundi nyeupe iliyochanganywa na maji kidogo, mara tatu, kila mara ikauke. Halafu rangi ya maji kwa brashi. Au achana na foromu. PVC, kopo la plastiki ngumu na kadi za benki zilizokwisha muda hazina ugomvi huo.

Chombo changu ni kopo la mtindi. Nikiwasha taa, kopo zima linang'aa kama taa ya karatasi, madirisha hayaonekani. Nikaambiwa nitandike foili ya jikoni ndani. Sasa hakiwaki kabisa! – Binti wa Mwanza

Aliyekushauri alikusudia mema, ila foili ni chuma, na miguu ya taa zako iko wazi. Umeme umepita njia ya mkato kwenye foili. Toa foili, vika kila kiungo mpira wa kusinyaa au tepu nyeusi, taa zitarudi. Kama hazikurudi basi angalia betri, itakuwa imekwisha.

Kuhusu kung'aa: plastiki nyembamba haizuii mwanga, hata ukipaka rangi nzuri kwa nje. Kabla ya kitu kingine chochote, paka ndani rangi nyeusi, mara mbili. Ikikauka, paka nyeupe juu yake. Nyeusi inazuia mwanga usitoroke, nyeupe inautawanya ndani ufike kila kona. Kisha ingia chumbani usiku, zima taa, washa chombo, kizungushe polepole mkononi. Kila mahali unapoona wekundu au mstari wa mwanga, tia alama ya penseli, kesho upake. Mishono ndiyo inayovuja zaidi. Mimi nafanya jambo hili chini ya shuka kwa kuwa chumba changu kina dirisha la barabarani, na wajukuu wameshazoea kumwona babu yao chini ya shuka na chombo cha angani.

Fundi, chombo changu kinawaka nusu dakika tu kwenye pawabenki, halafu kinazimika. Nikibonyeza kinawaka tena. Shida ni waya? – Nakuru

Waya zako ni nzima. Pawabenki nyingi zimefundishwa kwamba mkondo ukiwa mdogo sana, simu imejaa, zijizime. Taa zako chache hazifikii kiwango chake. Wengine huongeza rezista ya kula umeme bure ili pawabenki isilale. Mimi naona ni kama kumwajiri mtu wa kupiga makofi ili mlinzi asisinzie. Tumia chaja ya ukutani au kikasha cha betri tatu za AA: volti 4.5, rezista zako zilezile, na utasahau lini ulizibadilisha.

Nimeitazama picha kwa miwani. Omo, yaani mbele yake, umeuiga mtepe, chombo cha wazee wetu, hilo nimelipenda. Lakini tezi yake, huko nyuma, ni ya ndege ya Wazungu. Na mtepe hushonwa. Kushonwa kwako kuko wapi? – Mzee wa Lamu

Shikamoo mzee wangu. Kushonwa kupo, picha ndiyo iliyoficha. Ngozi ya chombo ni vipande vya kadi za plastiki, na kwenye kila mshono nimepitisha uzi wa nailoni wa mafundi viatu, shimo kwa shimo, kila milimita 5. Kazi hiyo peke yake ilikula Ramadhani nzima, baada ya tarawehe.

Sikuiga mtepe kwa mapambo tu. Mtepe wa wazee wetu haukuwa na msumari, mbao zilishonwa kwa kamba ya nazi, chombo kikawa kinalegea kidogo kikipigwa na mawimbi, hakipasuki. Chombo kinachoizunguka dunia nacho kinapigwa: upande wa jua joto lake linapita nyuzi 100, upande wa kivuli linashuka chini ya 100 hasi, na kwa chombo kinachozunguka karibu na dunia zamu hiyo inakuja kila baada ya dakika 45 hivi. Nikajiuliza, fundi wa 2163 akichoka na nyufa, si atarudi Lamu kuuliza? Hadithi yote ya Uhuru ya Pili imetokana na swali hilo.

Taa mbili za omo, kushoto nyekundu na kulia kijani, ni zilezile za meli na ndege. Kuna kijana aliniandikia kwamba nimekosea kutolinganisha rangi. Wewe huhitaji maelezo.

Kuhusu tezi, hapo umenishika. Zile chupa za kikohozi zilikuwa nne, zinalingana, sikuweza kuziacha.

Mwanangu ana miaka tisa. Baada ya kuona gazeti lako amefungua rimoti, saa ya ukutani na tochi ya baba yake. Nimkataze? – Mama wa Morogoro

Pole na rimoti, mama. Usimkataze, mpe boksi lake. Kila kitu kibovu cha nyumbani kiingie humo, na kizima kisiguswe. Watoto wanaelewa sheria ya boksi haraka kuliko watu wazima.

Mambo mawili ni ya mwiko. La kwanza, umeme wa ukutani. Chombo chake kitumie betri tu. La pili ni betri ya kidonge, ile bapa kama sarafu. Kama ana mdogo wake anayetambaa, usiiache sakafuni hata dakika moja. Mtoto akiimeza ikakwama kooni inaanza kuunguza nyama, na ndani ya saa mbili madhara yanaweza kuwa makubwa. Ikitokea, usisubiri itoke yenyewe, mkimbize hospitali.

Kazi yake ya kwanza iwe hivi: kopo moja, LED moja, kikasha cha betri mbili za AA chenye swichi na kifuniko cha skrubu, rezista ya ohmu 100 na taa nyekundu (betri mbili ni volti 3, nyeupe itakuwa hafifu). Waya azisokote kwa vidole, afunge tepu. Kulehemu kusubiri. Matundu ayatoboe kwa sindano ukiwa umekaa naye. Halafu mzime taa, mtazame. Baba yake nunua tochi nyingine.

Nataka taa za mabawani zimulike na kuzimika kama za ndege. Nimeona kuna LED zinazojimulika zenyewe, lakini zinachosha macho. – Fundi mdogo, Kigoma

Zinachosha kwa sababu zinakaa zimewaka nusu ya muda na zimezimika nusu. Taa ya ndege hupiga ghafla, tap, kisha giza refu.

Tafuta IC ya 555, kile kidude cheusi chenye miguu (pini) kinachopima muda. Aliibuni Hans Camenzind mwaka 1971, na mpaka leo nikifungua vifaa dukani nakutana nayo. Inafanya kazi kuanzia volti 4.5, kwa hiyo volti 5 za chaja zinatosha. Ielewe kama mtungi: kapasita inajazwa kupitia rezista mbili, R1 na R2, na inamwagwa kupitia R2 peke yake. Mchoro wa kawaida wa kumulika utaupata kwenye kitabu chochote cha elektroniki. Watu wengi huweka R1 ndogo na R2 kubwa, wanapata kujaa na kumwagika kwa muda unaokaribiana, ndiyo ile nusu kwa nusu.

Wewe geuza. Weka R1 kilohmu 100, R2 kilohmu 10, kapasita mikrofaradi 10. Kujaa kutachukua robo tatu ya sekunde, kumwagika sehemu ya kumi ya sekunde haifiki. Kisha LED na rezista yake usiifunge kati ya pini 3 na hasi kama mchoro unavyosema. Ifunge kati ya chanya na pini 3, mguu mrefu upande wa chanya. Hapo itawaka wakati wa kumwagika tu. Tap. Giza. Tap. Utaona chombo kimekuwa kizito ghafla, wala hukuongeza hata gramu.

Kosa lako kubwa kwenye kazi hii ni lipi? Usitufiche. – Kampala

Mlango. Nilimaliza kila kitu, nikaunganisha nusu mbili za chombo kwa gundi ya PVC ya mafundi bomba, ambayo ikishashika haijui kuachia, nikapaka rangi, nikakata ndevu za faiba, nikakiweka juu ya kabati, nikawaita majirani. Siku ya tatu injini mbili zikazimika. Ndani kulikuwa na kiungo kilicholehemiwa vibaya: risasi ilikuwa imekaa juu ya waya kama tone la maji juu ya jani, haikuushika. Mimi huyo, ninayewalaumu wanagenzi wangu kwa kosa hilo kila wiki.

Na chombo hakikuwa na pa kuingilia. Nilikipasua tumbo kwa msumeno wa chuma, huku mama watoto ameshika tochi na hasemi kitu, na kunyamaza kwake kulikuwa kukali kuliko msumeno. Nyuzi kumi na moja za faiba zilikatika. Wikendi tatu za kazi.

Sasa tumbo lina mlango wa sentimita 6 kwa 4 unaoshikwa na sumaku ndogo mbili nilizozitoa kwenye spika za sikioni. Na nimejiwekea amri: taa zote zifungwe, ziwake mchana na usiku, saa 24 mfululizo mezani, nizitikise, nizivute waya, ndipo chupa ya gundi ifunguliwe.

Babu fundi, ndani ya Uhuru ya Pili mna watu? – Darasa la Nne, Kilifi

Yumo mmoja. Nilimchonga kwa kijiti cha meno, milimita 3 na nusu, nikampa kikoi cha rangi nyekundu na nikamsimamisha kwenye dirisha kubwa la omo, mgongo kwenye taa, ili kivuli chake kionekane. Ni mvuvi. Kwa wiki mbili kila aliyekuja dukani nilimwinamisha amtazame.

Siku niliyopasua tumbo akaanguka. Sasa ukichungulia unaona kitu kama miguu miwili imeinuka juu. Mlango niliouweka uko mbali naye, hata kibano cha meno cha daktari hakimfikii. Mjukuu wangu anasema amelala, na kwamba nimwache.